Lita Mia Nne za Divai Kali

Jumatatu, 7 Aprili

Asubuhi mbaya. Dosinda amenitangazia vita kabla sijamaliza kahawa. Amesema tangi liwe tupu ifikapo Jumatatu ijayo, la sivyo mizabibu inang'olewa na shamba linapandwa matunda ya kiwi. Kiwi! Nilidhani ananitania. Kumbe ameshampigia simu Queiruga, yule bwana wa kiwi, na siku hiyo anakuja na kamba yake ya kupimia. Mke wangu wa ndoa ya miaka thelathini na moja! Mkate ulinianguka kikombeni.

Tuseme haki anayo kidogo. Lita mia nne za mwaka jana zimo tangini na hakuna aliyezigusa. Za mwaka juzi ziligeuka siki. Tuna siki ya kuoshea kanisa zima. Lakini safu zile arobaini alizipanda Baba. Nguzo zake za mawe alizitoa machimboni akazibeba mgongoni, moja moja. Nikikutana naye huko mbinguni nitamwambia nini? Kwamba nimempandia kiwi? Nililia bandani. Nikajifuta machozi kwa gunia, sasa jicho moja limevimba.

Mambo yenyewe ni haya. Tawi la mlaureli, ule mti wa majani ya kutia kwenye mchuzi, liko mlangoni kwangu tangu Machi. Anayeliona anajua: mwenye nyumba ana divai iliyozidi, ingia, kaa, unywe kibakuli, ule kidogo. Divai ikiisha tawi linashuka. Langu linakauka tu. Ng'ambo ya barabara kwa shemeji yangu Amancio, kaka yake Dosinda, watu wanasimama foleni. Magari kutoka mjini Vigo! Magari kutoka Pontevedra! Na mama mkwe wangu Erundina, miaka themanini na minne, analala kwangu, anakula kwangu, halafu anavuka barabara kwenda kunywa kwa mwanawe. Bila aibu!

Mimi tangu Machi nimepata wateja watatu. Tarishi, kwa sababu ya mvua. Hujaji Mjerumani aliyepotea njia ya Santiago, akanywa nusu kibakuli, akaomba maji, akaomba tena. Na mbwa wa Amancio.

Wanasema divai yangu ni kali. Sawa, inauma kidogo. Inaingia kama limau, inapita kama tofaa bichi, inakuachia chumvi midomoni. Meno yanasisimka. Mimi nauita uhai. Dosinda anauita adhabu.

Lakini nimepata dawa! Ukali huuawa na utamu. Hata mtoto mchanga anajua. Kesho natoa keki.

Jumanne, 8 Aprili

Masalale! Siamini yaliyonipata.

Nilioka keki ya lozi. Juu yake nikamwaga asali nusu chupa. Saa saba wakaja akina mama wanne, walimu wastaafu wa Vigo, waliokosa viti kwa Amancio. Nikawakaribisha kwa heshima zote. Wakala keki wakaisifu. Wakanywa divai. Loo! Nyuso zile sijawahi kuziona hata msibani. Mmoja alifumba macho yote mawili akashika meza. Mwingine aliniuliza, kwa upole kabisa, kama tangi huwa naliosha kwa sabuni.

Nilionja mwenyewe. Mungu wangu! Baada ya asali, divai yangu ilikuwa kama kulamba betri ya gari. Utamu haukuuua ukali. Umeuamsha, umeuvisha viatu, umeutuma unipige teke la ulimi. Nani angedhani?

Mama Erundina alikuwa akitazama pembeni. Akajifunga kitambaa chake kichwani, akasema "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," akavuka barabara. Mama mkwe haimpasi mtu kumjibu. Nimemjibu hapa: keki yangu alikula vipande vitatu!

Jumatano, 9 Aprili

Nimefikiri upya. Sio utamu. Divai kali inataka adui mzito. Nikapika utumbo na dengu, bizari tele, pilipili nyekundu ya unga, soseji ya kukaushwa. Sufuria iliunguruma tangu alfajiri. Dosinda alifungua madirisha yote.

Akaja dereva wa lori la mbao, jitu la miraba minne. Akala sahani mbili huku akitokwa jasho. Nikammiminia vibakuli vitatu, akavimaliza. Moyo wangu ulianza kucheza ngoma. Kisha akapangusa masharubu akauliza divai italetwa lini.

Italetwa lini! Ameshainywa! Hakuihisi! Nilimwambia alichokunywa ndicho, akacheka akanigonga bega, akasema mzee acha masihara, mimi nilidhani maji. Nilikaa kwenye ngazi robo saa nzima. Jana ilikuwa betri, leo maji. Divai ni hiyo hiyo moja!

Zimetoka lita mbili. Zimebaki mia tatu tisini na nane.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimekwenda kupeleleza. Nilijifanya naazima ngazi.

Nilichokiona kimenishtua kuliko yote. Amancio hapiki! Hana mapishi! Chaza wanafunguliwa, wanawekwa sahanini na chumvi yao ya baharini, basi. Kome wanachemshwa mpaka wafunguke, basi. Pweza anakatwa, mafuta ya zeituni, chumvi ya mawe, basi. Ngisi wa kukaanga. Jibini laini la jana. Chakula cha mtu mvivu! Na watu wanakula, wanakunywa, wanalamba vidole, wanagonga meza wakitaka kibakuli kingine.

Nilimuuliza shemeji siri yake ni nini. Amancio ni mtu wa kucheka, tumbo linatangulia kucheka yeye anafuata. Akasema, "Shemeji, siri gani? Divai zetu hizi zimekua zikipigwa na upepo wa bahari. Zipe vya bahari. Wewe unaipa asali na dengu, kwani inaumwa?" Mama Erundina, aliyekuwa amekaa kwenye kona na sahani yake ya chaza, akasema mkwe wake haumwi mwili.

Sidanganyiki mimi. Mtu hatoi siri yake bure hivyo. Nikachunguza kila kitu. Viti vibovu. Meza za mbao tupu. Vibakuli vya kaure vyeupe kama vyangu. Kisha nikatoka nje, nikainua macho, na nusura nianguke na ngazi yake.

Tawi! Tawi lake ni kubwa kuliko langu! Nikalipima kwa ngazi ile ile, nikavuka nikapima na langu. Lake mita moja na nusu. Langu sentimita arobaini.

Kumbe ndiyo siri!

Ijumaa, 11 Aprili

Fedheha. Sijui nitaanzia wapi.

Asubuhi nilichoma lile tawi kavu, nikapandisha kubwa, mita mbili kamili. Saa sita na nusu, ajabu! Watu kumi na wanane wakaingia kwa mkupuo. Moyo ulitaka kunitoka kwa furaha. Nikakimbia jikoni, nikarudi na sinia mbili za masikio ya nguruwe yaliyokolea mafuta. Nikaziweka mezani kwa mbwembwe. Nikatazama nyuso. Padri Fiz alikuwa katikati yao, msalaba mkononi. Walikuwa wametoka Njia ya Msalaba.

Ijumaa! Ya Kwaresima! Nguruwe!

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikasema, sijui kwa nini nilisema hivyo, kwamba masikio si nyama hasa. Wote wakasimama, wakavuka barabara kwenda kula pweza. Dosinda alijifungia chumbani. Nilisikia sauti, sikujua kama analia au anacheka.

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Alipokuwa akitoka, Padri Fiz alilalamika kwamba mwaka huu matawi ya Jumapili yamepungua, mlaureli wa kanisa umeliwa na wadudu. Waumini watakuja kubarikiwa mikono mitupu.

Nilipigwa na wazo, nikashika ukuta.

Jumapili ya Matawi kila nyumba hutundika tawi lake lililobarikiwa mlangoni. Vijitawi vidogo tu, mwenyeji hawezi kuvichanganya na tawi la divai. Lakini mtu wa Vigo anajua nini? Je, vikiwa si vidogo? Je, kila mlango wa kijiji ukiwa na tawi la mita moja na nusu? Tawi la Amancio litamezwa! Magari yatapotea! Watazunguka, watachoka, na aliye tayari na sinia mkononi atawadaka. Nani huyo? Mimi!

Nina mlaureli nyuma ya nyumba, alioupanda bibi yangu. Mkubwa kama kanisa.

Jumamosi, 12 Aprili

Mikono imejaa malengelenge. Nimekata tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tisa. Nyumba hamsini na saba, matawi hamsini na saba, hakuna chini ya mita moja na nusu. Nimeyagawa bure, kwa jina la Mungu.

Watu wamepagawa. Wengine wamenibusu mashavu. Padri Fiz amesema nguruwe amesamehewa. Dosinda amenitazama kwa namna ambayo sijaiona tangu harusi yetu, akaniuliza kama najisikia vizuri. Nikamwambia nafsi yangu inatafuta amani. Akaniletea limau na maji.

Kilichonishangaza zaidi ni Amancio. Aliponiona nikikokota akatoa toroli lake bila kuombwa. Akasukuma nami kijiji kizima, akiimba! Anasukuma jeneza lake mwenyewe, na anaimba. Karibu nimwonee huruma. Nikajizuia.

Mlaureli umebaki kama kuku aliyenyonyolewa. Si kitu. Tawi langu la mita mbili liko mlangoni.

Jumapili, 13 Aprili, mchana

Ni lazima niandike haraka.

Nilikwenda kanisani na tawi langu. Ilibidi! Mfadhili wa matawi yote aende na nini, na kijiti? Nililibeba mbele ya maandamano na watu wakanipisha. Baada ya baraka Padri Fiz akasema kwa sauti mbele ya wote kwamba tawi hili la Eladio ni zuri mno, lingefaa kukaa altareni mpaka Pasaka. Wakapiga makofi. Kanisani! Mimi sijapigiwa makofi tangu jeshini. Nikapiga goti, nikalitoa.

Nilikuwa nimefika nusu ya njia ya kurudi nyumbani nilipokumbuka.

Nikakimbia. Mlango wangu mtupu! Nikakimbilia kwenye mlaureli. Hata jani moja la mchuzi halipo! Nikapanda juu kabisa nikararua suruali. Hakuna! Nikabisha kwa majirani, jamani niazimeni tawi, moja tu. Wakanishangaa. Lililobarikiwa halitolewi nje, linakaa mwaka mzima na kuilinda nyumba na radi. Jirani mmoja mjane akanifungia mlango, akasema anayetaka tawi lililobarikiwa ametumwa na shetani.

Nyumba hamsini na nane kijijini. Hamsini na saba zina tawi. Isiyo nalo ni ya nani?

Jumapili hiyo hiyo, jioni

Mama yangu! Mama yangu mzazi!

Magari yalianza saa saba. Watu wa mjini wakaona matawi kila mlango wakapagawa. Wakaingia kila nyumba! Familia ya watu watano iliketi sebuleni kwa mwalimu mkuu wakaomba kome. Waendesha baiskeli sita walikutwa jikoni kwa Padri Fiz, na Padri, badala ya kuwafukuza, anawakaangia dagaa! Mzee mmoja alikuwa anaoga. Akatoka bafuni na taulo akakuta wanandoa wa Pontevedra mezani pake, wakamuuliza leo kuna nini. Akawaambia kuna ngisi! Kila mtu hapa ana tangi dogo chini ya nyumba. Kila mtu alimimina. Kijiji kizima kilikuwa kinacheka, kinakula, kinaimba, na mimi nimesimama mlangoni na sinia yangu ya soseji, nayapungia magari mkono, nayo yananipita. Dereva mmoja alisimama. Aliuliza njia ya kutokea.

Saa kumi matangi ya kijiji yakawa yamekauka. Wote, narudia, wote, wakamiminika kwa Amancio. Kumbe kwake haiishi!

Sikuweza kuvumilia. Nikavuka nikaone mwisho wangu kwa macho yangu. Katikati ya barabara Mama Erundina alikuwa ameweka kiti chake, amekaa. Akasema anaota jua. Chini ya sketi yake ulipita mpira wa maji, kutoka upande wetu kwenda upande wao. Nikajikwaa nao. Akanifokea nitazame ninapokanyaga. Nikaomba radhi, nikaunyoosha mpira vizuri usije ukamwangusha mtu.

Ndani hapakuwa na pa kupitisha sindano. Dosinda alikuwa huko anamsaidia kaka yake, mashavu mekundu. Mke wangu, kambi ya adui! Akanisukumia chaza sita na kibakuli, akaniambia nyamaza kwanza ule.

Nikala chaza. Bahari nzima ikaingia kinywani. Nikanywa.

Sijui niandike vipi. Limau, lakini limau lililokomaa. Tofaa bichi, ganda na yote. Na chumvi ya chaza na ya divai zilisalimiana kama ndugu waliopotezana. Kinywa kikawa safi, kikataka chaza mwingine, kisha divai nyingine. Nikala pweza. Nikanywa. Nikala jibini. Nikanywa. Machozi yakanitoka, ya kweli, mbele za watu. Nikapanda juu ya kiti. Nikatangaza kwamba nimeshindwa, kwamba mimi Eladio sijawahi kuonja divai kama hii tangu Baba alipokufa, kwamba Amancio ni bingwa na divai yangu imwagwe mtoni!

Watu walishangilia. Amancio alikuwa mwekundu, tumbo linacheka, yeye kajiziba mdomo. Dosinda aliinama chini ya meza kutafuta kitu, akakaa huko muda mrefu.

Nimerudi nyumbani peke yangu. Nimezunguka chini ya mizabibu ya Baba nikigusa nguzo, moja moja, zote. Kesho kamba. Nimemwomba radhi.

Jumatatu, 14 Aprili

Queiruga alifika saa tatu na kamba yake. Sikutaka kutazama. Dosinda akamwambia asubiri, akanishika mkono mpaka kwenye tangi, akaligonga kwa ufunguo.

Ngooo.

Tupu! Nikaligonga mimi. Ngooo! Nikafungua kifuniko nikaingiza kichwa nikaita. Nikajibiwa na sauti yangu mwenyewe. Lita mia nne! Nilidhani tumeibiwa nikaanza kupiga kelele za mwizi.

Ndipo akaniambia. Divai ya Amancio iliisha saa nane. Dosinda akachukua mpira wa maji, akauchomeka kwenye tangi letu, akauvusha barabara, akamweka mama yake juu ya mpira kama askari. Waliokunywa tangu saa nane walikunywa yangu. Niliyoililia ilikuwa yangu. Niliyosema imwagwe mtoni ilikuwa yangu!

Nikakaa juu ya ndoo. Nikamwambia sheria inataka mwenye nyumba auze divai ya nyumba yake tu. Akanijibu nyumba ile ya Amancio alizaliwa ndani yake, basi divai yake ni ya nyumba ile pia, aje afisa amtoe. Kisha akakaa kando yangu. Akasema hakutaka kiwi hata siku moja. Hata hazipendi, zinamwasha ulimi. Alitaka nishtuke niache kupika. Akasema divai ya Baba haina kosa lolote, ilikuwa inataka chaza na chumvi tu, na kwamba kuanzia mwakani yeye atafungua chaza na mimi nitakaa kwenye kiti, nisiguse kitu. Akanibusu jicho lililovimba. Mizabibu inabaki.

Alisema na mengine kuhusu chakula. Sikuyasikia vizuri, nilikuwa napiga hesabu.

Kwa sababu tutazame ukweli. Divai ya kijiji kizima imeisha siku moja. Kwa nini? Chaza? Chaza wapo kila Jumapili! Kilichokuwa kipya ni nini? Matawi! Matawi yangu! Tawi moja huleta gari moja, hamsini na saba huleta mji. Na kuna vijiji vingapi kutoka hapa hadi Cambados? Vyote vina Jumapili ya Matawi, na mlaureli wa bibi umeisha. Mtu mwenye milaureli mia tatu mwakani atakuwa mfalme wa bonde hili. Amancio atakuja kwangu na kofia mkononi.

Dosinda alimuaga Queiruga getini kwa heshima. Nikapita nyuma ya banda nikamkimbilia, nikamkuta kwenye kona anawasha gari. Nikamuuliza tingatinga lake linachukua muda gani. Akasema safu ishirini ni asubuhi moja tu. Tumepatana Alhamisi Kuu, saa ambayo Dosinda na Mama Erundina watakuwa kanisani. Nataka Dosinda awe na furaha ya ghafla.

Mlaureli unapenda jua. Nimetembea shamba zima kutafuta. Safu za kwanza za Baba ndizo zenye jua zuri kuliko zote, tutaanzia hapo.